Likasi: Mnapigana na vidudu vya madoa, huku sumu iko juu ya meza

LIKASI – Mvua imekatika, mahindi yamevunwa, na asubuhi watoto wanakwenda masomoni wamevaa majaketi. Katika nyumba nyingi za Kikula na Panda, juma hizi mbili, habari ni moja: vidudu. Ni vya mviringo, vidogo kama punje ya dengu, vyekundu au vya rangi ya chungwa, na vina madoa meusi mgongoni. Vinatembea juu ya kioo cha dirisha, vinajikusanya kwenye pembe ya dari, vinaanguka ndani ya kikombe cha chai. Masomoni tulifundishwa kuviita kwa Kifaransa, koksineli. Nyumbani ni tududu twa madoa, basi.

Nimeandika habari nyingi za mji huu: umeme unaokatika, mabomba makavu, barabara zilizochimbika. Bado sijaona watu wa Likasi wakipigana na kitu kidogo kwa silaha kubwa kama ninavyoona sasa. Ndiyo maana leo siandiki habari tu. Leo nagombana.

Jumamosi iliyopita nilisimama sokoni mbele ya meza moja. Juu yake kulikuwa na chumvi, biskuti, viberiti, sabuni ya kipande, na mstari wa vichupa vidogo vya plastiki, vile vya maji ya kunywa, vimejazwa kitu cheupe-cheupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Hakuna karatasi, hakuna jina, hakuna alama ya fuvu. Mama mmoja mbele yangu, mtoto mgongoni, akauliza:

– Iko dawa ya tududu?

– Iko, mama. Hii iko na nguvu, hata panya inakufa. Pulizia leo, kesho unafyagia tu.

Mama akalipa, akaweka kichupa ndani ya kikapo, juu ya unga wa bukari. Mimi nikamuuliza kijana jina la dawa yake. Akanijibu: «Dawa ya wadudu, mukubwa.» Imetoka wapi? «Kasumbalesa.» Mtu anachanganya kiasi gani na maji? Akatazama kifuniko cha kichupa, akafikiri kidogo: «Kifuniko kimoja. Ao viwili, kama tududu tuko mingi.»

Kijana yule simchukii. Anatafuta chakula kama sisi sote, na yeye mwenyewe anapima sumu ile kwa mikono mitupu tangu asubuhi. Lakini tuseme ukweli: kitu anachouza hakijui, anayenunua hakijui, na kesho kitapuliziwa juu ya kitanda anacholala mtoto wa miezi sita. Kwa sababu gani? Kwa sababu ya kidudu ambacho hakinyonyi damu, hakileti malaria, hakileti kipindupindu, hakili nguo, hakitoboi mbao wala hakizai ndani ya nyumba.

Tuanze na kidudu chenyewe, maana ninasikia maneno mengi. Wengine wanasema kina sumu. Wengine wanasema ni jirani aliyewatuma, na juzi nimesikia mhubiri mmoja akieleza mbele ya watu kwamba madoa saba ni alama. Ndugu zangu, kidudu hiki kimekaa Katanga kabla ya reli, kabla ya Union Minière, kabla mji huu haujaitwa Jadotville. Wakati wa mvua kiko shambani, juu ya maharage, juu ya kabichi, juu ya mimea ya bustani, na hatukioni kwa sababu kimetawanyika. Mvua ikikatika, majani yanakauka. Mwezi wa tano moto wa pori unaanza kupita vilimani. Usiku unakuwa baridi. Kidudu kinatafuta ufa wa kujifichia mpaka majani mabichi yarudi, na ufa mzuri kuliko yote ni wa nyumba yako: chini ya bati, nyuma ya fremu ya dirisha, ndani ya tofali lililoachia. Ukuta uliopigwa na jua la mchana unabaki na joto jioni, nacho kinafuata joto. Vingine tunavileta wenyewe, ndani ya magunia ya mahindi na mafungu ya maharage tunayobeba kutoka shamba. Jirani hahusiki.

Ukikibana, kinatoa maji ya manjano kwenye magoti yake. Hayo maji yananuka na yanaacha doa kwenye pazia. Ndiyo silaha yake yote. Kuku mwenye akili akionja kimoja anaacha.

Halafu kuna kazi yake, ambayo watu wa mji tumeisahau. Mama wanaolima lenga-lenga na kabichi kandokando ya maji ya Panda wanawajua vizuri wale wadudu wadogo wa kijani au weusi wanaojaa chini ya majani, wananyonya utomvu mpaka jani linajikunja. Koksineli mmoja mkubwa anaweza kula hata 50 wa hao kwa siku moja. Mtoto wake, yule mweusi mrefu asiyefanana na mama yake hata kidogo, naye anakula bila kuchoka. Msimu wa 2016-2017, viwavijeshi kutoka Amerika vilipoingia katika mahindi yetu ya Katanga, mashamba mengi yalitobolewa kama chujio. Mayai ya viwavi hao ni chakula cha koksineli pia. Basi mfikirie: kila mmoja mnayemuua mwezi huu ndani ya dari ni yule ambaye angerudi shambani mvua za kwanza za mwezi wa kumi zikianza.

Sitaki kudanganya mtu. Wako koksineli wengine, wenye mgongo usiong'aa, wenye manyoya mafupi kama kitambaa cha kanzu, wanaokula majani ya maboga na biringanya. Hao ni adui wa bustani kweli. Lakini hata hao, ndani ya nyumba, hawana wanachokula.

Wako wazee hapa wanaokumbuka miaka ya 1970, wakati mdudu mweupe kama unga alipoingia nchini akitokea Amerika ya Kusini na kukausha mihogo ya Zaire. Sombe likakosekana, na mihogo yenyewe ikabaki midogo. Watu walijaribu dawa, lakini nani anaweza kupulizia mihogo ya Afrika nzima? Kilichookoa mihogo kilikuwa mdudu mwingine: kijinyigu kidogo kuliko punje ya ufuta, kilichopatikana Paraguay mwaka wa 1981 na kuachiliwa mashambani mwaka huohuo huko Nigeria, kisha katika nchi nyingi za Afrika, na nchi yetu ndani yake. Kazi hiyo iliongozwa na Mswisi Hans Rudolf Herren, naye akapewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka wa 1995. Sombe tunalokula leo lina deni kwa mdudu. Na sisi wa Katanga, wala vinkubala, sisi tunaoweka beseni la maji chini ya taa inswa wakianza kuruka, tukicheka na watoto mpaka usiku, leo tunapiga kelele kwa ajili ya kidudu chenye madoa!

Nikiandika hivi, najua ndugu zetu walioko Ubelgiji watanijibu kwamba kwao ni vita kila mwaka. Ni kweli. Huko kuna koksineli mwingine, mkubwa kidogo, aliyetolewa Asia. Wamarekani walianza kumwachilia mwaka wa 1916 ili ale wadudu wa mimea. Mwaka wa 1988 wakaona amekwisha kujizalia mwenyewe kule Louisiana. Wabelgiji walimtumia katika kilimo tangu 1997, na mwaka wa 2001 akaonekana porini kwao. Mwaka huohuo akaonekana Afrika ya Kusini, na Kenya pia amekwisha kupatikana. Kila mwezi wa kumi, baridi ikianza huko Ulaya, anaingia majumbani kwa mamia. Sasa waulizeni hao ndugu wanafanya nini. Wanachukua mashine ya kunyonya vumbi, wanamnyonya, wanaziba nafasi za dirisha, wanakwenda kulala. Nchi yenye maduka ya kila aina ya dawa inatumia ufagio wa umeme. Sisi ambao hospitali iko mbali na dawa ni ya kulipia, ndio tunamwaga sumu ndani ya chumba.

Sasa nizungumze juu ya kichupa.

Dawa nyingi za kuua wadudu zinazouzwa kwa kupimwa ni za shambani. Zimetengenezwa kuchanganywa na maji mengi, kupuliziwa nje, na mtu aliyevaa glavu na buti, kisha kuacha siku kadhaa kabla ya kuvuna. Nyingine ni za jamii inayoshambulia neva. Mdudu akiipata, misuli yake inakaza, hawezi kulegea tena, anakufa. Mwili wa mtu una mfumo uleule. Tofauti ni kipimo tu, na mtoto wa kilo kumi kipimo chake ni kidogo sana. Inaingia kwa mdomo, inaingia kwa pumzi, inaingia kwa ngozi. Mtu anatokwa mate na jasho, macho yanatoa machozi, mboni inakuwa ndogo kama ncha ya sindano, anatapika, anaharisha, misuli inarukaruka, pumzi inakata.

Najua dalili hizi si kwa kusoma. Mwaka jana mtoto wa dada yangu, miaka minne, alikunywa funda moja. Mama yake alikuwa amepulizia dari kwa sababu ya vidudu hivihivi, dawa ikabaki kidogo, akaona ni hasara kutupa. Akaiacha ndani ya chupa yake ya maji, nyuma ya mlango. Mtoto alikuwa ametoka kucheza mpira na alikuwa na kiu. Hiyo ndiyo hadithi yote. Haina mchawi wala adui ndani yake.

Tulifanya kosa ambalo nyumba nyingi za hapa zingefanya. Kwanza tulimpa maziwa. Kisha jirani akaleta mafuta ya mawese, tukamnywesha kijiko kimoja kwa nguvu ili atapike. Nusu saa ilipotea hivyo. Maziwa na mawese haviondoi sumu ya namna hii, na mtoto anayetapishwa hali amelegea anaweza kuvuta matapishi mpaka ndani ya mapafu. Kilichohitajika ni kumvua nguo zilizolowa, kumwosha kwa maji na sabuni, na kukimbia hospitali tukiwa na kichupa mkononi. Daktari alituuliza swali moja tu: «Amekunywa nini?» Tukampa kichupa. Akakigeuza mara mbili, akitafuta maandiko. Hakikuwa na kitu. Akafuata dalili, akamtundikia atropini, akakaa naye mpaka usiku. Mtoto yuko mzima, anasoma, na ni mkorofi kupita wote. Lakini mimi sitasahau yule daktari akigeuza kichupa kitupu chini ya taa.

Si kila familia inapata bahati hiyo. Mwezi wa kumi 2024, huko Naledi, katika Soweto, Afrika ya Kusini, watoto sita walikufa baada ya kula vitu vya dukani. Waziri wa Afya, Aaron Motsoaledi, alitangaza kwamba uchunguzi ulikuta terbufosi, dawa kali ya shambani ambayo haikuruhusiwa kabisa kutumika nyumbani. Watu wa vitongoji walikuwa wakiinunua barabarani ili kuua panya, kama sisi tunavyonunua hapa. Rais Cyril Ramaphosa akalazimika kuhutubia taifa, na mwaka uliofuata serikali yake ikaamua kuipiga marufuku terbufosi. Nigeria walianza mapema: mwaka wa 2019 shirika lao la kusimamia chakula na dawa, NAFDAC, lilikataza kuuza sokoni vile vichupa vidogo vya dawa ya diklovosi, kwa sababu vilikuwa vimejaa kila meza na watu walikuwa wanakufa navyo. Vile vidogo hasa. Chupa kubwa ya shamba mtu hainunui kwa sababu ya vidudu vya dirisha. Kichupa cha bei ya mkate ndicho kinachoingia kila nyumba.

Sisi tunangoja nini? Tungoje sita wetu?

Nasikia majibu, na sitaki kuyakwepa.

La kwanza: «Mwandishi, hata chandarua cha malaria kina dawa, mbona unatutisha?» Ni kweli kina dawa. Lakini dawa ile imechaguliwa, imepimwa kiwandani, imeshikana na nyuzi, na watu wa afya wanajua jina lake. Sipigani na kila dawa ya wadudu. Mbu anaua watoto wetu, na kwa mbu tunahitaji chandarua usiku huu huu. Ninachokataa ni kioevu kisicho na jina kwa mdudu asiye na kosa. Na kuna jambo la kuchekesha kwa huzuni: nimeingia nyumba ambamo chandarua kimefunika miche ya nyanya uani, na ndani watu wamepulizia sumu ya nyanya.

La pili ni gumu zaidi: «Wengine wanachoma ngozi. Mtoto wangu ameamka na malengelenge shingoni.» Huyo mama hasemi uongo, ila anamshitaki asiyehusika. Kuna mbawakawa mwingine, mwembamba, mrefu kama punje ya mchele uliopikwa, kichwa cheusi, kiuno chekundu, mkia mweusi anaouinua kidogo akitembea. Wakenya wanamjua sana. Baada ya mvua kubwa za El Niño za 1997-1998 walimwona kwa wingi mno Nairobi, na jina la mji likamshika. Huyo haumi wala hadungi. Damu yake ndiyo inayochoma, na inatoka pale unapomponda kwa kiganja. Kidonda hakionekani palepale, kinatokea baada ya siku moja hivi, kwa hiyo watu hawajui kilitoka wapi. Akikutua shingoni, mpulize kwa pumzi au mwondoe na karatasi. Ukiwa umemponda, osha mahali pale kwa maji na sabuni, osha na mikono kabla hujagusa macho. Anafuata taa wakati wa mvua. Usimchanganye na wa mviringo mwenye madoa, ambaye anatafuta joto wakati wa baridi. Mmoja ni mrefu kama mchele, mwingine ni duara kama dengu. Hata mtoto wa mwaka wa kwanza anaweza kutofautisha.

La tatu ndilo linaloniuma: «Katika mji huu tunapumua moshi wa viwanda tangu babu zetu, kichupa kimoja kitaongeza nini?» Kitaongeza. Mwaka wa 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wa Katanga ya kusini: wanaoishi karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti nyingi kupita kiasi, na watoto walikuwa juu zaidi ya wakubwa. Tunakaa mji wa Shituru, mji ulio jirani na Shinkolobwe, vumbi la kiangazi linaingia mpaka ndani ya sufuria. Mwili ambao umekwisha kubebeshwa mzigo huo haudai mwingine. Juu ya vumbi la kampuni tunapiga kelele, tunaandamana, tunaandika barua, na ni haki. Halafu tunarudi nyumbani na kujipulizia wenyewe.

Ya nne, kwamba ni uchawi, nimekwisha kuigusa. Naongeza hili tu kwa wahubiri: mtu akiambiwa kidudu kimetumwa, hatachukua ufagio. Atatafuta kitu kikali kuliko vyote, na atakipata sokoni.

Mnaniuliza basi tufanye nini. Ni kazi ndogo, ndiyo sababu hakuna anayeiuza. Fagia asubuhi na mapema, wakati vimelala kwa baridi na haviruki. Vinakusanyika kwenye koleo kama mahindi. Mimina nje, kwenye majani, au kama umekasirika sana, ndani ya ndoo ya maji yenye sabuni. Usivisugue kwenye ukuta, utabaki na madoa ya manjano na harufu. Weka kitambaa kilichokunjwa chini ya mlango jioni. Ufa wa ukuta uzibe kwa udongo wa kichuguu au saruji kidogo, nafasi ya bati kwa gunia la zamani. Chavu kwenye dirisha inasaidia, na inakusaidia mara mbili kwa sababu ya mbu. Magunia ya mahindi yapige-pige na kuyapembua uani kabla hujayaingiza chumbani. Mimi nimefanya hivi nyumba nzima kwa siku mbili, pamoja na watoto, ambao waligeuza kazi kuwa mashindano. Juzi nilihesabu vitano vimebaki darini. Nimeviacha.

Na kama tayari una kichupa nyumbani, usikimwage chooni wala mtoni, na usiache mtoto akitumwe kukitupa. Kiandike kwa kalamu nene neno SUMU, kifunge ndani ya mfuko, kiweke juu mahali mtoto hafiki hata akipanda kiti, mbali na unga na chumvi. Kisha ulize kituo cha afya cha kartie yako wakipokee wapi. Wakikosa jibu, uliza tena kesho na jirani yako, kesho kutwa na kartie nzima. Swali hilo wanapaswa kulisikia mara nyingi.

Maana hapa siachi viongozi wapite. Katiba yetu ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, kifungu cha 53, inasema kila mtu ana haki ya mazingira yenye afya, ana wajibu wa kuyalinda, na Serikali inachunga mazingira na afya ya raia. Sioni mahali kifungu hicho kinaposema «isipokuwa sokoni». Kila asubuhi watu wa meya wanapita sokoni. Wanajua kila meza, kwa sababu kila meza inalipa kodi ya siku. Wanakata tiketi ya franka mbele ya vichupa vile, wanarudisha chenji, wanaendelea. Mwenye kuuza nyanya nje ya mstari wanamwondoa kwa fujo. Mwenye kuuza sumu ndani ya chupa ya maji wanampa risiti.

Ninawauliza maburugumestre wa Likasi, Kikula, Panda na Shituru jambo moja, na linaweza kufanywa bila bajeti ya Kinshasa: katazeni kuuza dawa ya wadudu ndani ya chupa ya maji au ya kinywaji, na katazeni kuiuza kwenye meza moja na chakula. Anayetaka kuuza dawa ya shamba auze ndani ya chombo chake cha asili, na jina lake, na karatasi yake, kwenye pavilio yake. Wakaguzi wa usafi wapite na gunia. Redio za mji, ambazo zinapata muda wa kutangaza bia asubuhi na jioni, zipate dakika tano za kueleza koksineli ni nini. Masomoni mwalimu wa sayansi ana somo la bure limekaa juu ya dirisha la darasa. Alichukue, aliweke juu ya kitabu, watoto wahesabu madoa.

Wauzaji watasema wamenyang'anywa kazi. Wapewe juma mbili kumaliza biashara na kubadilisha. Kijana anayeweza kuuza maji ya sumu kwa maneno matamu vile anaweza kuuza chavu ya dirisha kwa mita. Ningenunua kwake leo.

Nilipita tena jana jioni, kabla ya kuandika haya. Meza ipo palepale. Vichupa vimepungua, vimebaki vinne, kwa hiyo biashara ilikuwa nzuri. Kimoja kilikuwa kimevuja kidogo juu ya ubao, na kijana alikuwa anakipangusa kwa kitambaa kilekile anachopangusia biskuti.